Kabla ya kukagua nguzo za chuma baharini: mambo ya kuzingatia

Mombasa hatuna majukwaa ya kuchimba mafuta, lakini miundo iliyosimama majini tunayo, kuanzia magati hadi kituo cha mafuta cha Kipevu kilichozinduliwa 2022. Palipo na chuma na maji ya chumvi, maandalizi ya ukaguzi ni yale yale.

Anza na mwezi, si na vifaa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa sana, mara nyingi mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na sehemu ya nguzo iliyofichwa siku nyingine huwa wazi kwa muda mfupi. Hapo ndipo pa kupita na mashua, kwa macho na nyundo. Wapiga mbizi wapangie maji mafu, mkondo ukiwa umepoa. Masika yaache yapite, maana tope la Mto Mwache huwafanya wakague kwa kupapasa.

Tafuta ripoti ya zamani mapema. Niliwahi kukabidhiwa vipimo vya unene vya gati moja, vya miaka miwili tofauti, na namba za pili zilikuwa kubwa kuliko za kwanza. Chuma hakikui. Hakuna aliyeandika alipima wapi, kwa hiyo kazi yote ilirudiwa. Kila nguzo ipewe namba, na kila sehemu ya kupimia iandikwe kina chake na upande wake.

Kutu nayo haili sawasawa. Chini ya maji anodi, yaani vipande vya alumini au zinki vilivyofungwa kwenye nguzo, huliwa badala ya nguzo, na chuma kilicholindwa vizuri husoma takriban volti -0.80 au hasi zaidi, ikipimwa kwa kulinganisha na elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha. Ukanda unaolowa na kukauka haupati kinga hiyo. Unategemea rangi tu. Lakini ninalosisitiza zaidi ni usawa wa kupwa kwa bamvua. Ukiona baka la rangi ya chungwa, laini, likwangue kwa kisu. Ukikuta ute mweusi wenye harufu ya yai viza, na chini yake chuma kinachong'aa kilichojaa vishimo, hiyo ni kazi ya bakteria, nao hula haraka kuliko kutu ya kawaida. Pima unene siku hiyo hiyo.

Kisha orodhesha kila kilicholehemewa juu ya muundo: ngazi, vishikio vya mabomba, vibao. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la mafuta la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, watu 123 kati ya 212 wakafa. Ufa ulianzia kwenye mshono mdogo wa kulehemu uliokuwa wa kushikilia kifaa cha kunasa sauti, na ndani yake wachunguzi walikuta rangi. Ulikuwapo tangu ujenzi. Kwa hiyo bajeti yako iwe na saa za kukwangua chaza na rangi mpaka chuma kitupu, ndipo mishono ipimwe kwa sumaku kutafuta nyufa. Picha ya nguzo iliyovaa chaza haithibitishi lolote.

Siku yenyewe, asishuke mtu kabla meli ya jirani haijazima injini na pampu za kuvuta maji, na ufunguo wa injini uwe mkononi mwa msimamizi wa wapiga mbizi mpaka wa mwisho apande.