Kuchagua mashine ya betri ya kupuliza majani, ya bei ya kati

Watu wengi wakifika dukani wanaangalia volti tu, kumbe cha kwanza ni upepo. Kwenye boksi utakuta namba mbili, kasi ya upepo na wingi wa hewa (huo umeandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika), na mimi ningefuata wingi kwanza maana ndo unaosukuma lundo la majani, kasi inasaidia zaidi kubandua yaliyolowa yakagandana chini. Bustani ya kawaida ya nyumbani CFM 400 hadi 500 inatosha kabisa.

Halafu betri, hapa tulia kidogo. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) upate nguvu iliyomo: 18V ya 4Ah ni wati-saa 72, 36V ya 4Ah ni 144, na usidanganyike na 20V Max, ni ileile 18V imeandikwa ikiwa imejaa chaji. Ukibonyeza tabo (kitufe cha kupandisha upepo hadi mwisho) muda wote betri inaisha haraka sana, sa we itumie pale pagumu tu. Kama tayari una drili ya betri, cheki kama kampuni hiyohiyo ina mashine ya kupuliza inayotumia betri zako, ununue mashine tupu bila betri, unaokoa hela nyingi kwa kweli.

Mota chukua isiyo na brashi (kwenye boksi huandikwa brushless). Ishike mkononi ikiwa na betri yake, isikuvute kwa mbele. Na miwani ya kukinga macho vaa, tafadhali, vumbi lile halina huruma.