Mzee akifariki na bunduki iko kwenye sefu, fanyeni hivi

Wakuu habari zenu. Hili jambo familia nyingi Bongo hazilizungumzi mpaka msiba uingie ndani. Baba yangu alikuwa na shotigani ya kihalali kabisa, alipofariki tukakaa siku nne hatujui ufunguo wa sefu uko wapi, kumbe uko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati na watoto wa msibani wanalala chumba hichohicho. Ile hofu simuombei mtu.

Kama mwenye silaha yuko hai anza naye leo. Aandike namba iliyochongwa kwenye chuma, kitabu cha leseni kinakaa wapi, risasi ngapi. Ufunguo asimpe mtu, ila mahali ulipo aandike, atie kwenye bahasha aigundishe, amwachie wakili au ndugu mmoja mtu mzima. Na kwenye wosia asidhani akiandika "bunduki ya Juma" imeisha, leseni ni ya mtu mwenyewe, hairithiwi kama shamba.

Akishafariki, sefu isiguswe, chumba kifungwe. Msiipakie kwenye boda kuipeleka kituoni, mkikamatwa njiani hamna leseni! Waende ndugu wawili polisi na kitabu chake na kibali cha mazishi, waombe askari waje kuichukua. Kwetu askari aliikunja ile bunduki katikati akatuonyesha mitutu yote miwili mitupu, tukahesabu risasi 17 mezani, moja moja, ndo tukasaini. Msikubali iondoke bila karatasi ya makabidhiano yenye namba ya silaha na idadi ya risasi.

Baada ya hapo ni mirathi ya kawaida: kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, mahakamani, na msimamizi aiorodheshe kama mali nyingine. Anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe upya chini ya sheria ya silaha ya 2015, aanzie serikali ya mtaa. Akikosa, iuzwe kwa kibali cha polisi au isalimishwe.

MASWALI

Mimi ni mjane, naruhusiwa kukaa nayo angalau arobaini ipite?
Pole sana dada yangu. Hapana, arobaini ni ya msiba, silaha haingoji. Mtume shemeji kituoni hata kesho.

Babu kaacha gobole kijijini halina karatasi hata moja, tunaogopa kulipeleka.
Naelewa, ila msilifukie shambani. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa, lakini msikae mkisubiri, mtafuteni wakili au mtendaji wa kijiji awatangulie polisi, gobole libaki pale lilipo mpaka waje wenyewe.

Na ufunguo usipopatikana kabisa?
Msiite fundi wa grenda kimyakimya, mle ndani kuna risasi na cheche zinaruka. Waambieni polisi, sefu ifunguliwe wao wakiwepo.