SOMO: Printa ya tangi kwa nyumbani, kagua wino kabla ya mashine

Wakuu, poleni na baridi. Kila wiki kuna mtu ananipigia akiwa dukani Mwanjelwa, boksi la printa ya katriji (kile kikopo cha wino unachobadilisha kikiisha) liko mbele yake, bei imemvutia, anataka nimwambie "beba". Jibu langu ni lile lile: muulize muuzaji bei ya katriji nyeusi na ya rangi kwa pamoja. Mara nyingi simu hukatwa hapo. Mashine ile inauzwa rahisi, pesa inafidiwa kwenye katriji. Printa ya tangi unaumia siku moja dukani, halafu baada ya hapo unajaza wino wa chupa kama unayejaza kibatari.

HATUA YA 1: Piga hesabu ya karatasi
Chukua Epson L3250, ambayo wengi wanaijua. Chupa yake nyeusi ina mililita 65, na kampuni inaikadiria kurasa 4,500. Rimu ni karatasi 500, kwa hiyo hapo ni rimu tisa. Mwalimu anayechapa mazoezi ya wanafunzi nyumbani atafaidi. Wewe wa barua mbili kwa mwezi, nenda zako steshenari. Wino usiofanya kazi hukauka kwenye kichwa cha kuchapia, na fundi wa kukizibua hafanyi bure.

HATUA YA 2: Jaribu kwa kidole
Hii naomba msiiruke. Mwambie muuzaji achape ukurasa, subiri dakika tano, lowesha kidole kama mtu anayehesabu noti, kipitishe juu ya maandishi. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kwenye maji, huo utachafuka pale pale. Kuna mwingine wenye chembe za rangi, tunauita wa pigmenti, huo unang'ang'ania karatasi. Wino mweusi wa L3250 ni wa aina ya kwanza. Canon PIXMA G nyingi za chupa nne zina mweusi wa pigmenti, na rangi tatu zilizobaki ni za kuyeyuka. Kama karatasi zako zinabebwa na watoto kwenye mvua ya Tukuyu, tofauti hiyo utaiona Machi. Kama kazi yako ni picha za kipaimara, wino wa kuyeyuka unapendeza zaidi kwenye karatasi ya kung'aa.

HATUA YA 3: Vikorombwezo
L3210 ni ndugu wa L3250, ila haina waifai. Zote mbili hazigeuzi karatasi zenyewe ili kuchapa upande wa pili, utageuza kwa mkono. Sioni sababu ya kuongeza laki kwa ajili ya kugeuza karatasi, labda unachapa vitabu.

HATUA YA 4: Siku ya kwanza
Jaza matangi yote manne, kila rangi kwake. Mashine itavuta wino kwa dakika kadhaa. Umeme usikatike hapo katikati, kwa hiyo chagua muda ambao mtaani kwenu huwa umetulia. Sehemu ya wino huo inabaki kwenye mirija, ndiyo maana chupa za kwanza hutoa kurasa pungufu. Msimgombeze muuzaji.

HATUA YA 5: Zima kwa kitufe chake
Ukizima ukutani, kichwa kinaweza kubaki katikati ya njia bila kurudi kwenye kizibo chake, kikakaukia hapo hapo. Umeme ukikatika ghafla, ukirudi iwashe, iache itulie, kisha izime kwa kitufe. Halafu kila wiki chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata kama huna kazi.

MASWALI

Mkuu, mimi niko Makambako, upepo na vumbi. Itadumu?
Itadumu ukiifunika kitambaa na usiache karatasi kwenye trei. Vumbi la kwenye karatasi linaingia nayo ndani.

Karatasi zangu zinaingia mbili mbili, niko Rungwe.
Unyevu huo, dada. Rimu ibaki kwenye ganda lake, toa za kutumia tu, zipepee kwanza.

Kuna wino wa bei nafuu kwenye chupa kubwa, nauamini?
Mimi nimeutumia kwenye printa ambayo waranti yake imeisha. Mpya, hapana. Na kamwe usitie pigmenti kwenye mashine ya wino wa kuyeyuka, utaziba vitundu.

Inatoa mistari myeupe, nimesafisha kichwa mara nane.
Acha, kaka! Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji iliyo chini ya mashine, na sponji ikijaa printa inagoma kabisa. Safisha mara mbili au tatu, iache ilale usiku kucha, asubuhi ujaribu tena.

Nahamia Iringa, naweza kuipakia kwenye basi?
Unaweza ikiwa imesimama wima wa kawaida, vifuniko vimebanwa, na wewe mwenyewe umeona ilivyowekwa. Mimi yangu konda aliilaza ubavu kwenye buti, juu ya kiroba cha mchele wa Kyela nilichompelekea mama mkwe. Aliupokea kwa heshima zote, akauliza kama huko Kyela siku hizi wanalima wa pinki.