Kunasa radi kwa kamera ya kasi: rekodi kwanza, bonyeza baadaye

Radi haishuki kwa mkupuo mmoja. Njia hafifu ya umeme hutoka winguni kwa hatua za mita 50 hivi, na kufika chini huchukua takriban milisekunde 20. Ikishagusa, mkondo mkubwa hupita; huo ndio mwanga tunaouona. Mara nyingi mapigo mengine 3 au 4 hufuata njia ileile. Kidole chako kinapobonyeza, robo ya sekunde imeshapita. Kwa hiyo kamera iachwe irekodi mfululizo, picha mpya zikifuta za zamani. Kazi ya kitufe ni kuiambia ibakize kilichokwisha kupita.

Piga hesabu ya kumbukumbu. Picha ya pikseli 1280 × 800, biti 12, hula megabaiti 1.5. Gigabaiti 16 hubeba picha 10,400 hivi, yaani sekunde 1.5 kwa kasi ya picha 7,000 kwa sekunde. Tenga sekunde 1 kabla ya kubonyeza na nusu sekunde baada yake. Ukitenga yote baada, utaambulia wingu jeusi. Usihamishe faili zima: gigabaiti 16 kwa kebo ya mtandao ni zaidi ya dakika 2, na muda huo kamera hairekodi. Kata kipande chenye radi tu.

Kwa kasi hiyo kila picha haipati zaidi ya mikrosekunde 142 za mwanga, tumia 140. Lenzi ya mm 14 hadi 24, tundu lake likifunguliwa f/2.8 au f/4 (namba ndogo, tundu kubwa), huonyesha matawi hafifu yanayoshuka. Pigo kubwa litaunguza picha ziwe nyeupe, na hilo likubali, kwa sababu ukifunga hadi f/11 utabaki na shina bila matawi. Fokasi ifanye kwa taa ya mbali. Usiku wa Ziwa Victoria, taa za wavuvi wa dagaa zinafaa sana. Kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kikishapata moto, funika lenzi uiamuru kamera ipime weusi upya, la sivyo mistari ya wima itajitokeza.

Piga ukiwa ndani ya nyumba, kwa betri ya volti 12, chaja ikiwa imechomolewa ukutani. Ngurumo ikifuata mwanga chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10: usitoke nje mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Zungushia lenzi kitambaa cheusi hadi kwenye kioo cha dirisha, maana taa ya kompyuta ikiakisiwa hapo hufunika matawi yote.