Klarineti Ikigoma Noti Fulani: Tafuta Tatizo Kutoka Juu Kwenda Chini

Noti ikigoma, mwanafunzi hulaumu pumzi yake. Mara nyingi pumzi haina kosa: kuna mahali hewa inavuja. Andaa karatasi ya kusokotea sigara na ridi nzima (kile kijiti chembamba cha mdomoni kinachotetemeka ukipuliza), basi.

Hatua ya 1. Badilisha ridi. Noti zikirudi, umemaliza.

Hatua ya 2. Tazama kidaraja, kile kichuma kinachounganisha vitufe vya kipande cha juu na cha chini. Kikiwa upande, pete za chuma zinazozunguka matundu ya mkono wa kulia hazizibi sawasawa. Zungusha kipande kimoja kidogo hadi vichuma vikae mkabala.

Hatua ya 3. Anza na G ya wazi (isiyozibwa tundu lolote), shuka noti moja moja, bila kukandamiza vidole, maana ukikandamiza unaficha kasoro. Uvujaji huziacha noti za juu yake zikitoka na kuzisumbua za chini. Noti ya kwanza kusita ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia. Kagua hapo, kisha panda juu.

Hatua ya 4. Tenganisha kipande cha juu. Ziba matundu yote kwa vidole vya kushoto na gumba, ziba mwisho wa chini kwa kiganja, kisha nyonya hewa kwa juu. Kikiwa kizima, hewa inabana na mdomo unanasa kwa sekunde kadhaa. Ikiingia, chomeka karatasi chini ya kila pedi (kile kizibo laini chini ya kitufe), funga kitufe kwa nguvu yake ya kawaida, vuta taratibu. Jaribu pande zote za pedi: karatasi inapoteleza ndipo panapovuja. Kagua pia ufa karibu na matundu ya juu kabisa. Klarineti nyingi nzuri ni za mpingo, mti wa kwetu Tanzania na Msumbiji, na mpingo ukikauka ghafla hupasuka.

Hatua ya 5. B ya kati ndiyo inayowatesa wengi. Ibonyeze kwa kidole kidogo cha kushoto peke yake. Isipotoka, ongeza kidole kidogo cha kulia kwenye kitufe cha C. Ikitoka sasa, pedi ya F/C (ya kitufe hichohicho cha C) haishuki pamoja na ile ya E/B (ya kitufe cha B). Vitufe hivyo husukumwa na kichuma chenye umbo la mguu wa kunguru. Bandika kipande chembamba cha karatasi pale kinapogusana na mkono wa F/C. Usizidishe, pedi nyingine itabaki wazi. Usikunje kichuma kwa koleo, tafadhali, hukatika.

Hatua ya 6. A au B flati ya shingoni (noti za vitufe vya juu ya klarineti) ikitoa mlio wa kububujika, ni maji. Fungua kitufe chake, puliza tundu, kausha pedi kwa karatasi hiyohiyo.

Pedi iliyochanika au ngumu kama ganda, mpelekee fundi aibadilishe. Mwambie ni noti ipi ilianza kusita, ili aanzie hapo.