Jinsi ya kusoma chombo cha kioo cha Kirumi kilichopulizwa kwenye moldi (somo + maswali)

Wakuu habari zenu. Leo tuangalie vile vyombo vya kioo vya Warumi vyenye mizabibu na maandishi yaliyotokeza nje. Wengi wakiona picha zake wanadhani fundi alikaa akachonga kimoja kimoja, hapana, vile vilipulizwa ndani ya moldi (kalibu yenye nakshi kwa ndani) na ukijua pa kuangalia chombo chenyewe kinakwambia kila kitu.

Kupuliza kioo kulianzia pande za Syria na Palestina karne ya 1 kabla ya Kristo, moldi ikaja kama mwaka 25 baada ya Kristo. Fundi anachota kioo cha moto kwa ncha ya bomba, anakipuliza kidogo tu, anakiingiza kwenye moldi ya udongo wa kuchoma yenye vipande viwili, vitatu au zaidi vikiwa vimefungwa, halafu ndio anapuliza kwa nguvu sasa, kioo kinatanuka kinagusa ukuta wa moldi kinabeba nakshi zote zilizomo. Ukifungua umbo na mapambo yametoka kwa mpigo mmoja.

Hatua ya 1: tafuta mshono. Shika chupa ya soda ya kioo uizungushe kwenye mwanga, kuna kamstari kembamba kanapanda ubavuni, hapo ndipo vipande vya moldi vilikutana. Vya Kirumi ni hivyo hivyo. Ila mafundi wazuri waliuficha ndani ya mapambo, so angalia taratibu.

Hatua ya 2: chungulia ndani na tochi. Hii ndio naipenda kuliko zote. Palipotokeza nje, ndani pamebonyea, maana pumzi ilisukuma kioo kikaingia kwenye nakshi. Ukikuta nje kuna maua halafu ndani ni laini kabisa, hicho kimechongwa au kimekandamizwa kwa mashine, na mashine hizo ni za miaka ya 1800 kuja huku.

Hatua ya 3: mdomo na mikono. Vikombe vingi vilikatwa juu vikasagwa ukingo. Majagi mkono wake ulibandikwa baadaye kioo kikiwa moto, utaona kabisa kilivyovutwa.

Hatua ya 4: soma jina. Fundi maarufu ni Ennion, anahusishwa na Sidon, Lebanon ya leo. Aliandika kwa Kigiriki "Ennion ametengeneza", na kwenye vikombe vingine upande wa pili "akumbukwe anayenunua". Yani fundi wa miaka 2000 iliyopita anamuombea mteja wake! Kazi zake zimepatikana Italia, Cyprus, hadi Jerusalem, ambako kuna jagi lake lililopindishwa na moto mji ulipochomwa mwaka 70.

MASWALI

Mdau: Mkuu zile rangi za upinde wa mvua walizipakaje?
Jibu: Hawakupaka. Ni kukaa ardhini, unyevu unanyonya magadi yaliyomo kwenye kioo, juu panabaki tabaka nyembamba sana zinazovunja mwanga. Usije ukasugua, zinabanduka.

Mdau: Sasa kwa nini wahangaike na moldi wakati kupuliza wanajua?
Jibu: Moldi moja inatoa vyombo vingi vyenye pambo lile lile, na haraka. Strabo, mwandishi wa jiografia wa Kigiriki aliyeishi enzi hizo, anasema pale Roma kikombe cha kioo ulikipata kwa sarafu ya shaba tu, kwa hiyo soko lilikuwepo. Moldi ikichakaa nakshi zinafifia, ndio maana viwili vya moldi moja kimoja nakshi zake zinaweza kuonekana wazi kingine zimefubaa.

Mdau: Huku pwani yetu vilifika?
Jibu: Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 unataja vitu vya kioo vya aina mbalimbali kati ya bidhaa zilizoletwa pwani ya Azania (jina la kale la pwani hii ya Afrika Mashariki), bandari yake ya mwisho ikiwa Rhapta, pamoja na mikuki na mashoka. Kioo kilifika, ila hausemi kama kilikuwa cha moldi.