Jinsi ya kuchunguza soko la kazi kabla hujajaza fomu ya chuo

Swali la "kozi gani ina ajira?" halina jibu la jumla. Lina jibu kwa kazi moja moja, kwa hiyo chagua kazi tatu tu uzichunguze. Mfano hapa ni uhasibu Tanzania.

1. Andika cheo, si kozi. Uhasibu ni kozi. Vyeo serikalini ni Msaidizi wa Hesabu, Afisa Hesabu, Mhasibu Daraja la II.

2. Soma matangazo ya mwaka mzima. Usiharakishe hapa. Anza na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ukirudi nyuma miezi 12. Serikali huajiri kwa vibali. Mwezi mmoja nafasi humiminika, kisha kimya. Chora safu nne kwenye daftari: cheo, nafasi, sifa za mwombaji, ngazi ya mshahara. Daftari ni bora kuliko picha za skrini, ambazo hutazirudia.

Hesabu nafasi, usihesabu matangazo. Tangazo moja laweza kuwa na nafasi 1, jingine 50.

Sifa zisome neno kwa neno. Afisa Hesabu huombwa shahada. Mhasibu Daraja la II huombwa na CPA(T), yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, juu yake. Kama nafasi nyingi ulizoandika ni za Mhasibu, basi miaka mitatu ya shahada haitoshi: weka kwenye hesabu muda na ada za mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu inayotoa cheti hicho. Angalia pia majina ya kozi zinazotajwa. Kozi yenye jina zuri isiyotajwa kwenye tangazo lolote itakukwamisha siku ya kuomba, hata kama masomo yanafanana.

Kisha tafuta orodha ya walioitwa kwenye usaili wa cheo hicho. Tuseme majina ni 600 na nafasi 12: watu 50 kwa nafasi moja. Namba hii ina kasoro yake, kwani wanaofaulu wakakosa nafasi huweza kuwekwa kwenye kanzidata (hifadhi ya majina yao) na kupangiwa kazi baadaye bila tangazo jipya. Itumie kulinganisha vyeo vyako vitatu, si kutabiri bahati yako.

3. Sekta binafsi ifuate kwa miguu. Saccos, maduka ya jumla na ofisi ndogo za ukaguzi mara nyingi huajiri bila kutangaza. Anayekudai pesa ili akupe usaili, achana naye.

4. Zungumza na aliyeanza kazi karibuni, mwenye miaka miwili au mitatu kazini. Mzee wa miaka 20 aliingia soko likiwa jingine. Usimuulize kama kazi ni nzuri. Muulize: "Dada, jana ulifanya nini tangu asubuhi?" na "Wale watano uliokaa nao darasani wako wapi sasa?" Swali la pili ndilo lenye uzito.

5. Hakiki chuo na kozi TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa astashahada na stashahada, kabla ya kulipa ada ya maombi.